NIDHAMU YA JAMAA NI AMANA: MUUNDO NA UENDESHAJI WA MISIKITI YETU

(Mada iliyowasilishwa katika semina ya viongozi wa misikiti na madrasa, Kifungilo, Lushoto)

   



Nimetakiwa nizungumzie muundo na uendeshaji wa jumuiya zetu. Najua kwamba mada hii haivuti masikio kama mada ya Pepo na Moto, au ya fadhila za Mwezi wa Ramadhani. Wapo watakaosema moyoni kwamba haya ni mambo ya ofisini na hayana nafasi msikitini. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili limebomoa misikiti mingi katika milima hii kuliko walivyobomoa maadui zetu wote.

NITAANZA NA NAFSI YANGU

Ndugu zangu, sitaki nianze kwa kuwanyooshea wengine kidole. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mhazini wa msikiti mmoja wa kijijini. Sitautaja jina, kwa kuwa watu wake wengine wangali hai. Nilichaguliwa kwa sababu nilijua kusoma na kuandika na kwa sababu watu waliniamini. Tulikuwa tunachangishana kununua mabati ya kuezekea. Kila msimu wa viazi na kabichi watu walitoa walichojaaliwa, nami nikiziweka fedha katika kopo nyumbani kwangu. Nilichokiandika, nilikiandika katika karatasi za daftari la mtoto wangu. Mengine niliyaacha kichwani.

Palipotokea haja, mwenyekiti wetu, ambaye alikuwa mzee mwenye heshima kubwa, aliniagiza kwa mdomo. Siku moja alisema tumlipie matibabu imamu aliyekuwa mgonjwa. Siku nyingine alisema tununue saruji ya kuzibia ufa wa ukuta, na siku nyingine tumpe nauli mgeni aliyekwama. Nilitoa. Wallahi sikula hata senti moja. Lakini sikuandika stakabadhi wala sikumtaka mzee atie sahihi, kwani niliona ni kumvunjia heshima.

Kisha mzee akafariki. Vijana wakauliza, na haki yao kuuliza, yako wapi mabati? Nikahesabu na kuhesabu tena. Sehemu kubwa ya fedha sikuweza kuitolea maelezo yenye ushahidi. Shahidi wangu alikuwa kaburini. Wengine waliniamini, wengine wakaniita mwizi. Kwa muda wa miezi michache jamaa ikagawanyika, wakajenga msikiti wa pili umbali wa kusikilizana adhana. Kijiji kile kikawa na misikiti miwili, mmoja hauna paa na mwingine hauna maji ya kutawadhia. Mzee aliyenifundisha juzuu ya kwanza nikiwa mtoto alikuwa upande wa pili. Aliondoka duniani hatujasalimiana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Zingatieni ya kwamba katika kisa hiki hapakuwa na mwizi, na watu wote walikuwa na nia njema. Kilichokosekana ni daftari moja, kalamu moja na utaratibu ambao kila mmoja angeujua. Nia njema isiyo na utaratibu ilizaa fitina ileile ambayo ingezaliwa na wizi.

DINI YETU NI DINI YA UTARATIBU

Wapo wasemao kwamba ikhlasi inatosha, na kwamba kamati, katiba na mahesabu ni mambo tuliyoyaiga kwa Wazungu. Wanaosema hivyo hawajaitazama dini yao vizuri. Kila siku mara tano tunasimama safu. Imamu ni mmoja, na akikosea yupo wa kumkumbusha kwa utaratibu unaojulikana. Akishindwa kuendelea, yupo nyuma yake wa kusogea mbele, na swala haivunjiki. Tazameni basi: katika ibada hiyo moja mnao uongozi, utii, marekebisho na urithi wa madaraka. Tukitoa salamu tu, tunayaacha yote hayo kwenye mkeka na kuingia katika kikao kisicho na ajenda.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Mola wetu ameagiza tuandike, awepo mwandishi muadilifu, wawepo na mashahidi, na tusichoke kuandika kiwe kidogo au kikubwa. Kama hayo yameagizwa kwa watu wawili wanaokopeshana, itakuwaje kwa mali ya jamaa nzima iliyotolewa kwa ajili ya Allah? Katika Suratu Yusuf tunafundishwa kuwa Nabii Yusuf (AS) alipoomba kusimamia hazina za Misri alizitaja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Na katika Suratul Qasas binti wa yule mzee wa Madyan alipompendekeza Nabii Musa (AS) kwa kazi, alitaja nguvu na uaminifu. Sisi mara nyingi tunatazama uaminifu peke yake tukasahau ujuzi. Mimi niliteuliwa kwa uaminifu. Ujuzi wa kutunza mahesabu sikuwa nao, wala hapakuwa na aliyeniuliza.

Itazameni pia Hijra. Mtume (SAW) alikuwa na ahadi ya ulinzi wa Mola wake, lakini hakutoka Makka bila mpango. Ali (RA) alibaki kulala katika kitanda chake na kurejesha amana za watu. Abdullah mtoto wa Abubakar (RA) alileta habari za Makuraishi kila usiku. Asma (RA) aliandaa chakula. Amir bin Fuhayra (RA) alipitisha mbuzi na kondoo wake ili nyayo zifutike. Mwongoza njia, Abdullah bin Urayqit, hakuwa Muislamu wakati huo. Alichaguliwa kwa kuwa aliijua njia na aliaminika. Pango la Thaur liko kusini ya Makka, hali safari ilikuwa ya kwenda kaskazini. Kila mtu alikuwa na kazi yake, na kila kazi ilikuwa na mtu wake. Huko ndiko kutawakali.

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, wapiga mishale 50 waliwekwa juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubayr (RA), wakaamriwa wasiondoke. Wengi wao walipodhani kazi imekwisha waliteremka, na ushindi ukageuka kuwa msiba. Na katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (SAW) alimteua Zayd bin Haritha (RA) kuwa amiri, na akaeleza kabisa kuwa akiuawa ashike Jaafar bin Abi Talib (RA), naye akiuawa ashike Abdullah bin Rawaha (RA). Wote watatu waliuawa kwa mpangilio huohuo, na jeshi halikusambaratika. Nani kati yetu, wenyeviti wa misikiti, ameeleza nani atashika kazi iwapo yeye hataamka kesho?

Hata ukusanyaji wa zaka ulikuwa na ukaguzi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, mtu aliyetumwa kukusanya sadaka alirudi akagawa mafungu mawili, moja la Waislamu na jingine akidai amezawadiwa yeye. Mtume (SAW) alimkemea mbele ya watu, akauliza kama zawadi hizo zingemfikia lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Baadaye Umar bin Khattab (RA) katika ukhalifa wake aliasisi diwani, yaani madaftari ya majina na ya mgawo wa mali ya Umma. Basi aliyesema daftari ni mambo ya Wazungu amwulize Umar (RA).

MAFUNZO YA MILIMA YETU WENYEWE

Ndugu zangu, Allah ametuamrisha tutembee katika ardhi tuzingatie mwisho wa waliotutangulia. Hatuhitaji kutembea mbali. Vugha ipo papa hapa katika milima hii.

Wazee wetu wanamkumbuka Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, aliyetawala kutoka Vugha mpaka alipofariki mwaka 1862. Dola yake ilifika mbali, kutoka milima hii mpaka pwani. Aliwapeleka wanawe kutawala sehemu mbalimbali, nao walimtii kwa kuwa alikuwa baba yao. Hapo palikuwa na nguvu, na hapohapo palikuwa na udhaifu, kwani utii ule ulikuwa kwa mtu, haukuwa kwa kiti. Alipofariki, kiti cha Vugha kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Wana wa marehemu, waliokuwa ami zake, hawakuona sababu ya kumtii kijana. Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara ya biashara, akapata mali na bunduki, akampiga vita mpwa wake na hatimaye akamweka mwanawe katika kiti cha Vugha. Wabondei nao wakaasi. Vita vikaendelea, watu wakauzwa utumwani, na Wajerumani walipofika walikuta nyumba iliyokwisha kugawanyika. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha.

Silengi kuwalaumu wazee wetu. Ninalouliza ni hili: misikiti mingapi leo ina Kimweri wake? Mzee mmoja mwenye hekima ndiye anayejua mpaka wa kiwanja, ndiye anayejua nani alitoa nini, ndiye anayesuluhisha. Akiwapo, mambo yanakwenda. Siku akifa, ami na wapwa wanaanza.

Funzo la pili linatoka Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ikaueneza sehemu nyingine za Usambara. Lengo halikuwa baya. Kila mkulima hapa anajua mvua inavyochukua udongo wetu. Lakini watu waliamriwa kulima matuta kwa sheria, na asiyetii alitozwa faini. Mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama ambao hawakuulizwa. Watu walipinga, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ukaachwa. Kwa hiyo muundo peke yake hautoshi. Muundo usio na shura unakuwa nira shingoni mwa watu, nao wataitupa siku ya kwanza watakapopata nafasi. Mwenyezi Mungu katika sura inayoitwa Ash-Shura ameitaja sifa ya waumini kuwa mambo yao ni ya kushauriana, akaiweka sifa hiyo kati ya kusimamisha swala na kutoa. Kamati inayopitisha jambo usiku na kulitangaza baada ya swala ya Ijumaa kama amri haijashauriana na mtu.

Funzo la tatu ni la kutia moyo. Milima hii ina mifereji ya jadi na ndiva, yaani bwawa dogo linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani. Wengi wenu mmekulia humo. Maji ni kidogo, wenye mashamba ni wengi, na kila mmoja ana hasira ya jua. Hata hivyo ndiva hudumu, kwa sababu zamu inajulikana, msimamizi wa kufungua na kufunga anajulikana, siku ya kusafisha mfereji inajulikana, na asiyetokea kusafisha anajua kitakachompata. Babu zetu ambao hawakusoma darasa moja waliweza kugawa maji bila kuuana. Tunashindwaje sisi kutunza kopo la sadaka?

TUWATAZAME MAJIRANI KWA INSAFU

Tuko Kifungilo. Jina hili likitajwa Dar es Salaam au Tanga, jambo la kwanza linalokuja akilini mwa watu ni shule ya wasichana ya watawa wa Kikatoliki. Mahali hapo palianza kama makao ya kulelea watoto, pakawa shule, na mpaka leo ni shule ya sekondari yenye sifa. Kila mmoja wetu anafahamu kwamba Waislamu ni wengi katika wilaya hii ya Lushoto, na wapo Waislamu wenye uwezo wanaopanga foleni kutafuta nafasi za binti zao katika shule za wamisionari.

Sisemi haya kwa wivu wala kwa kuidhalilisha dini yetu. Muumini hatakiwi kuacha uadilifu kwa sababu ya kutofautiana na mtu. Nauliza tu: wale masista waliotoka ng'ambo wakapanda milima hii walikufa zamani. Nani aliyeendeleza kazi? Hawakuishi miaka mingi kuliko masheikh wetu, wala hawakuipenda dini yao kuliko masheikh wetu walivyoipenda ya kwetu. Walichofanya ni kuhakikisha kwamba anapoondoka mmoja, mwingine anakuta funguo, daftari, hati ya kiwanja na maelezo ya kazi. Kwetu, mwalimu wa madrasa mwenye wanafunzi wengi akihama au akifariki, madrasa hufungwa wiki ileile, na ubao hugeuka kuwa mlango wa banda la kuku.

FUNZO LA JUMUIYA KUBWA

Hali hii haikuanzia vijijini. Mwaka 1945 huko Mombasa Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, aliasisi East African Muslim Welfare Society. Kila Waislamu walipochanga shilingi moja, yeye aliongeza shilingi moja, na kwa utaratibu huo misikiti na shule zilijengwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Huu ulikuwa utaratibu wa busara, kwa kuwa haukumpa mtu msaada mpaka ajitahidi kwanza. Mwaka 1961 makao makuu yalihamia Dar es Salaam, na jumuiya ikawa na mpango wa kujenga chuo kikuu cha Kiislamu.

Mwaka 1968 mgogoro ukalipuka ndani ya uongozi. Baadhi ya mikoa ikajitoa, viongozi wakatupiana maneno hadharani, na mwezi wa Desemba serikali ikaipiga marufuku jumuiya hiyo. Mwezi huohuo katika mkutano wa Iringa ikaundwa BAKWATA. Historia hii mnaijua, na wengi wetu tuna maumivu nayo. Wapo wanaotaja mkono wa serikali, wapo wanaotaja ugomvi wa viongozi. Sitaamua kesi hiyo leo. Nasema tu kwamba mkono wa nje hupenya penye ufa, na kuziba ufa wa ndani ni kazi yetu wenyewe. Waislamu wa Tanzania walisubiri mpaka mwaka 2005 ndipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipoanza, chini ya Muslim Development Foundation, katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Kutoka 1968 mpaka 2005 ni miaka 37. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa marufuku alikuwa mtu mzima mwenye watoto wa kusomesha.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, nasaha isiyo na kazi ni mzigo kwa msikilizaji. Napendekeza mambo saba, na yote yako ndani ya uwezo wa msikiti mdogo kabisa wa milimani.

La kwanza, kila msikiti uwe na katiba fupi iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na kusomwa mbele ya jamaa. Ieleze nani anachagua uongozi, kwa muda gani, na nani anaweza kuuondoa. Katiba iliyofungiwa sandukuni kwa mwenyekiti haimsaidii mtu.

La pili, tugawe kazi. Imamu aachiwe swala, mafunzo na nasaha. Katibu aandike. Mhazini atunze. Mwenyekiti asimamie. Mtu mmoja akiwa imamu, mhazini na msemaji, tunamdhulumu yeye kwanza, maana siku akikosea katika fedha watu watakataa hata kuswali nyuma yake.

La tatu, fedha. Kopo la sadaka lifunguliwe na watu wasiopungua watatu, zihesabiwe hapohapo, ziandikwe na watie sahihi. Kila shilingi inayotoka iwe na hati ya malipo na stakabadhi. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Anayetoa idhini asiwe yuleyule anayetunza fedha. Na mahesabu yasomwe mbele ya jamaa kila baada ya miezi mitatu, si kwa sababu mhazini anashukiwa, bali ili asije akashukiwa. Lau ningefanyiwa hivyo, ningemzika mwalimu wangu nikiwa nimeshikana naye mkono.

La nne, mihtasari. Kikao kisichoandikwa hakikufanyika. Muhtasari ueleze lililoamuliwa, nani atalifanya, na lini ataleta taarifa. Kikao kinachofuata kianze kwa kuuliza hayo matatu. Mtaona vikao vitakavyopungua maneno.

La tano, mali ya wakfu. Viwanja vingi vya misikiti na madrasa hapa vilitolewa kwa mdomo na wazee waliokwisha kufariki, na sasa wajukuu wanadai mpaka. Msikiti uwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa mujibu wa sheria ya wadhamini, kazi ambayo leo iko chini ya RITA, ili mali imilikiwe na bodi na isiwe ya mtu binafsi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, imeweka utaratibu wa hatimiliki ya kimila. Nendeni kwenye serikali ya kijiji wakati mashahidi wa mipaka wangali hai.

La sita, warithi wa kazi. Kila mwenye wadhifa awe na kijana mmoja anayejifunza kwake. Mwalimu wa madrasa awe na msaidizi, awe na orodha ya wanafunzi na ya walipofikia. Akina mama nao wasiachiwe kupika siku ya Maulidi au ya semina tu, kwani katika vikundi vyao vya kuweka na kukopa wengi wao wanatunza mahesabu kwa uangalifu kuliko sisi. Tuwashirikishe katika kamati za elimu na za fedha kwa mujibu wa sheria ya dini yetu.

La saba, muhasaba. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, jamaa ikae ijiulize: tuliahidi nini, tumefanya nini, tumeshindwa wapi? Anayekiri kushindwa asizomewe, kwa sababu tukimzomea, mwakani atadanganya.

NENO LA MWISHO

Huenda mmoja wenu akasema, "Sheikh, utaratibu wote huu utaondoa udugu, tutaanza kutiliana mashaka." Nami nilifikiri hivyo nilipoona haya kumtaka yule mzee sahihi. Nilidhani ninailinda heshima yake. Kumbe ningeitaka sahihi ile, leo jina lake na langu yangekuwa salama, na wajukuu zake na wanangu wangeswali safu moja. Wahenga wametuambia mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimejifunza kwamba si mali peke yake inayopotea.

Mnaporudi majumbani kwenu, msingoje semina nyingine. Jumatatu nunueni daftari moja. Ijumaa fungueni kopo mbele ya watu, hesabuni, andikeni tarehe, tieni sahihi. Hilo ni jambo dogo, lakini ndilo tofali la kwanza la ule ukuta ambao Allah ameusifu katika Suratus Saff, ukuta wa watu waliosimama safu moja wakashikamana.

Namwomba Allah (SWT) atusamehe tulipopoteza amana kwa kutojua, awarehemu wazee wetu waliotangulia, ayaunganishe makundi yetu yaliyofarakana, na atujaalie viongozi wenye uwezo na uaminifu. Atujaalie tukutane na wale tuliogombana nao duniani tukiwa ndugu juu ya viti vilivyoelekeana. Amin.